Wenye watoto nevi (jeshi la maji la Kenya): wanenu hufanya kazi gani huko? Tupeane uzoefu

Mama Kibokoni

Assalaam aleikum wazazi wenzangu. Na nyinyi wa salamu nyingine, hamjambo.

Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Tulikuwa harusini, tumekaa wanawake watupu, sinia la biriani katikati, shoga yangu mmoja wa zamani akanigeukia: "Mwanao wa nevi ndiye aendeshaye meli?" Wote wakanyamaza kunisikiliza. Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Yuwahusika na mambo ya meli," kisha nikatia tonge kubwa kinywani nisiulizwe la pili.

Mwanangu ni mpishi. Ndiyo kazi yake. Kaingia jeshini mwaka wa sita huu, kamaliza mafunzo Eldoret, karudishwa Mtongwe, kambi ya nevi, ng'ambo ya maji tu hapo. Siku aliponipigia simu kunambia kapangiwa jiko, nililia, na si kwa furaha. Marehemu babake alikuwa baharia wa majahazi ya Lamu, na nyinyi wa huku mwajua: jahazini kupika ni kazi ya kitoto kidogo kisichoweza hata kuvuta demani, ile kamba ya tanga. Nikaona mtoto nimemsomesha mpaka kidato cha nne, kaenda kurudi nyuma ya pale babake alipoanzia.

Basi naomba mnambie. Wanenu wafanya nini huko? Semeni ile ya kweli, hii ya harusini n'shaisema mimi.

Baba Shika Adabu

Waaleikum salaam, mama. Wangu ni mpiga mbizi. Nikisema hivyo watu macho huwang'aa, wanadhani ni sinema. Ngoja nikueleze inavyokuwa, na ikiwa ndefu mnisamehe, maana sijapata kuisema popote.

Sisi ni Wadigo wa Likoni. Ijumaa ile ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka, mimi nilikuwa kijana wa kibarua bandarini na siku hiyo nilichelewa kuamka. Nilipofika ufuoni nikakuta vilio. Watu 272 walikufa, na haikuwa mbali na nchi kavu. Ilikuwa pale ambapo mtu unamjua kwa shati lake. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwemo. Nyumbani kwangu hadithi hiyo hatukuisimulia hata siku moja. Kijana wangu alizaliwa baadaye, na sijui aliipatia wapi, lakini alipoingia nevi aliomba mwenyewe, kwa mdomo wake, kozi ya kuzamia.

Sasa njooni 2019. Jumapili ya tarehe 29 Septemba, gari lenye mama na mtoto wake wa kike liliteleza kutoka kwenye feri likatumbukia katikati ya mkondo wa Likoni. Nchi nzima ililia. Simu ya kijana wangu ikazimwa usiku huohuo.

Mimi kila siku navuka kwenda kazini. Siku zote hizo nilikuwa nasimama ubavuni mwa feri natazama zile boti, vichwa vyeusi vinaibuka na kuzama, najaribu kukisia kipi ni cha mwanangu. Na pembeni yangu watu wanatukana. "Nevi hao, mshahara wa bure! Siku ya saba leo!" Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Baba, au hawajui kuogelea?" Nikamwambia sijui. Ningemwambia nini?

Baadaye ndiyo nikaeleweshwa, si na yeye, na mwenzake. Mkondo ule maji yakijaa yanaingia Kilindini kwa nguvu, yakipwa yanatoka kwa nguvu vilevile. Katikati ya kujaa na kupwa kuna kipindi kifupi maji yanatulia, na hapo ndipo mtu anashuka. Wakiwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndiyo kipindi hicho huwa kifupi zaidi. Lile gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58. Hawa wazungu wanaozamia hotelini kutazama samaki huambiwa wasipite mita 40. Ukienda chini sana hewa ileile unayovuta inakulevya, unaanza kucheka peke yako au kusahau ulichotumwa. Na ukipanda haraka mwili unafanya kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa: mapovu ndani ya damu. Kwa hiyo unakaa chini dakika za kuhesabu, halafu njiani kurudi unaning'inia kwenye kamba, unasubiri, unapanda kidogo, unasubiri tena. Na kule chini hakuna kuona. Taa inapiga tope. Ni kupapasa, kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kitanda umeme umekatika.

Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya 13. Yeye alikuja nyumbani baada ya wiki. Tumekaa mkekani, mamake kachemsha mihogo, nikamuuliza, "Ulikuwepo?" Akasema, "Baba, ile ni kazi." Akamega muhogo. Basi. Mpaka leo.

Na mjue hiyo si kazi yake ya kila siku. Siku nyingi anazamia kukagua tumbo la meli ikiwa imefunga gatini, kutoa nyavu na kamba zilizojisokota kwenye rafadha, ile pangaboi ya kusukuma meli. Anarudi ananuka dizeli na matope ya bandari. Shoga yako wa harusini angesikia hiyo asingegeuka kukutazama.

Mzee wa Mariakani

Wangu ni karani wa stoo. Anahesabu blanketi, anaandika. Jioni anarudi kwa mkewe. Sina hadithi, na nashukuru Mungu kwa hilo.

Mama Mikindani

Mzee wa Mariakani umenichekesha.

Mimi kwetu ni Vihiga, lakini niko Mikindani mwaka wa ishirini na mbili. Kwetu hakuna mtu anajua kuogelea, hata mimi bahari naipitia tu kwa matatu pale Makupa. Msichana wangu alisomea ufundi wa mashine, akaingia jeshi na cheti chake kama fundi. Nilipopeleka habari nyumbani kwamba amechukuliwa jeshi la maji, mama mkwe aliuliza, "Maji ya nani?"

Yeye yuko chini kwenye injini. Watu wakisikia nevi wanafikiria upepo, kofia nyeupe, na mtu ameshika darubini. Msichana wangu huniambia, "Mama, naweza kwenda siku tano na nisione bahari." Ni joto, ni harufu ya dizeli, na kelele yake ni ya kuvaa viziba masikio, kwa hivyo wanaongea na mikono. Hiyo imemwingia mpaka nyumbani. Akitaka chumvi haniiti, anapunga. Nikiwa nimempa mgongo ananirushia kitambaa.

Wanafanya kwa zamu. Ile anachukia kabisa ni ya saa sita usiku mpaka saa kumi, kwa sababu ukimaliza huwezi kulala na ukilala unaamshwa. Kazi yenyewe anasema ni kusikiliza. Anatembea akigusa mabomba, anasoma geji, anaandika, anarudi tena mwanzo. Siku moja alisikia pampu imebadilisha sauti kabla geji haijasema kitu. Aliniambia hiyo mara nne, na mimi najua ndiyo siku aliamini yeye ni fundi.

Nilikuwa na wasiwasi kuhusu msichana kati ya wanaume wengi hivyo, sitadanganya. Nilienda kwa mama mmoja mzee wa kanisani kwetu aliyekuwa kwenye kile kikosi cha wanawake wa jeshi, kabla kivunjwe 1999 na wanawake kuingizwa kwenye vikosi pamoja na wanaume. Nilitaka anitulize. Yeye akaanza kulia wivu! "Sisi walituweka kwa simu na makaratasi. Huyo wako ameshikishwa spana?" Nikarudi nyumbani sijatulizwa lakini nimenyamazishwa.

Kitu kilitaka kumshinda ni kulewa bahari. Safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa wakati wa kusi, ule upepo mkali wa kusini, na nyinyi watu wa Pwani mnajua vile bahari inakuwa. Alijifunga ndoo kiunoni kwa kamba, anatapika huku anasoma geji, maana zamu ni zamu. Siku ya pili alikuwa amekata shauri akifika atarudisha nguo zao aende Vihiga alime chai. Na Mama Kibokoni, wewe sikia hii: aliyemwokoa ni mpishi. Alimletea uji mwepesi wa tangawizi na mkate mkavu, akamwambia anywe maji kidogo kidogo, na akae katikati ya meli ambapo hairuki sana. Alimletea tena na tena, bila kuulizwa. Mpaka leo mtoto wangu hakumbuki jina la mkubwa aliyekuwa zamu siku hiyo, lakini huyo mpishi alimtumia kadi Krismasi.

Pengine ni wako.

Kijana Tudor

Samahani wazazi kuingilia. Nina D+ ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne), umri 21. Kuna mtu mnaweza kuniunganisha naye? Nasikia bila mtu huingii.

Baba Kisauni

Mwanangu wa Tudor, hapo hapo simama. Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika, lakini wewe umenivuta.

Mimi nilimpata huyo "mtu". Alikuwa na shati limepigwa pasi hata kola inakata, tukakutana kwenye hoteli ya chai, kila baada ya dakika mbili simu yake inalia na yeye anasimama wima: "Ndiyo mkubwa! Sawa mkubwa!" Nikaona huyu ndiye. Akataka laki tatu. Niliuza tuktuk yangu, ndiyo ilikuwa inatulisha. Baada ya wiki mbili barua ya wito ikaja, ina nembo, ina muhuri, jina la mwanangu limeandikwa sawasawa mpaka la babu yake. Tukafanya dua, ndugu walitoka mpaka Msambweni. Akapanda treni Miritini, Nairobi akachukua basi la Eldoret.

Getini majina yakasomwa. Lake halikuwemo. Hakuwa peke yake, walikuwa kundi la vijana wenye barua kama ile ile, kila mmoja na begi lake jipya. Wakaandikishwa taarifa polisi, wakaachiliwa. Mwanangu hakurudi nyumbani. Alijificha kwa shangazi yake Mtwapa mwezi mzima kwa haya, na sisi tunawaambia watu mafunzo yanaendelea vizuri! Mimi mwenyewe niliambiwa hongera msikitini nikaitikia.

Mwaka uliofuata nikampeleka usajili wa haki, ule wa uwanjani, mbele ya watu wote. Wanakukagua meno, wanakukagua nyayo kama ni bapa, wanakupima kimo, wanakukimbiza. Mwanamume chini ya kilo 54 na nusu harudi mara ya pili kwenye mizani. Mwanangu mwembamba kama mti wa mwavuli, alikula ndizi asubuhi hiyo mpaka akashindwa kukimbia. Wakamtoa.

Sasa dada yake mdogo alikuwa amekuja kumshikia begi tu. Akaona wasichana wanapanga foleni, akaniambia, "Baba, na mimi nikajaribu?" Nikamwambia kajaribu, tusipoteze nauli. Wallahi sikumtazama hata mara mbili. Vyeti vyake vilikuwa nyumbani, ikabidi kakake apande bodaboda akavilete. Aliporudi, dadake alikuwa ameshamaliza kukimbia, wa tatu.

Yeye leo yuko mawasiliano. Anakaa na redio, anapokea na kutuma. Anachopokea hasemi, na mimi mtu aliyelipa laki tatu bure sina uso wa kumuuliza. Kakake anaendesha tuktuk ya mtu, anaikodi kwa siku. Mara nyingine nikiiangalia naiona kama ile yangu, imepakwa rangi tu.

Kwa hiyo hakuna wa kukuunganisha naye. Umri ni 18 hadi 26, D+ yako yatosha kwa askari wa kawaida, beba kitambulisho na vyeti asilia, na usajili ni bure. Anayetaka hata pesa ya soda, muache na soda yake.

Kijana Tudor

Nashukuru mzee. Kuna jamaa nilikuwa nimeshampa elfu tano.

Baba Kisauni

Basi hizo ni sadaka. Usimfuate nyingine.

Baba Chaani

*Ujumbe huu umefutwa na mwandishi.*

Mstaafu wa Mtongwe

Ahsante kwa kufuta, Baba Chaani. Wala sikukusudia kukufokea mbele za watu. Lakini wazazi wote mnisikize kwa hili moja: msitaje jina la meli mwanenu alipo, msiseme imetoka lini na yarudi lini, na picha ya kijana na sare, nyuma yake inaonekana gati nzima, hiyo ni ya albamu ya nyumbani. Sisi twajua unajivunia. Lakini si kila anayesoma ni mzazi.

Nimehudumu miaka 22. Babu yangu mzaa mama alikuwa stoka, mtia makaa kwenye tanuri la meli, katika nevi ya Mwingereza, ile ya Afrika Mashariki yote iliyokuwa na makao yake hapa hapa Mombasa mpaka ikavunjwa 1962. Alikuwa akitutajia meli yao, Rosalind, kama mtu anayemtaja mke wa kwanza. Nevi yetu wenyewe ilizaliwa tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru. Babu alikwenda kutazama sherehe akiwa na koti lake la zamani. Hakuitwa na mtu, alikwenda tu.

Na mimi mwataka kujua nilikuwa nani? Fundi wa kuchomelea vyuma. Usiku ule wa Septemba 2012 wenzetu walipoteremka ufuoni Kismayu, Somalia, kuutwaa mji kutoka kwa Al-Shabaab, mimi nilikuwa Mtongwe nachomelea ngazi. Wajukuu wangu hawaitaki hadithi hiyo. Huniambia, "Babu, hata bunduki hukushika?" Nilishika, nawaambia, siku ya shabaha.

Hesabuni wenyewe. Mtu mmoja yuko kwenye usukani. Nyuma yake kuna wa rada, wa redio, wa ramani, wa mizinga, na sitahani kuna wa kamba na nanga. Chini kuna wa injini na wa umeme. Halafu kuna mganga wa meli na mpishi. Nchi kavu kuna seremala, mshonaji, mpiga rangi, fundi bomba, dereva, karani wa Mzee wa Mariakani na blanketi zake. Meli ikirudi salama anayepata jina ni yule wa usukani, nasi tulikuwa tukimtania kwamba yeye kazi yake ni kugeuza gurudumu, hata kondakta wa matatu aweza.

Mama Majengo

Mimi nitasema kidogo. Mwanangu yuko kwengine sasa, kwa hiyo nadhani hakuna ubaya, Mstaafu atanirekebisha.

Mwaka 2020 alikuwa kambi ya Manda, Lamu, walimokuwa na Wamarekani pia. Tarehe 5 Januari, Jumapili, nimemaliza kusali alfajiri, jirani akagonga mlango na simu mkononi: Manda imeshambuliwa. Ikaja habari kwamba Wamarekani watatu wameuawa. Ya upande wetu hakuna anayesema kitu. Nikapiga, imezimwa. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka simu yangu ikazimika yenyewe, nikaenda kuichaji dukani kwa Mpemba kwa sababu kwangu tokeni zilikuwa zimeisha, nikakaa hapo juu ya gunia la mchele. Watu wakija kununua sukari wananisogeza.

Alasiri ikaingia ujumbe. "Nipo."

Herufi nne. Sijaufuta mpaka leo, na simu nimebadilisha mara mbili. Kila nikibadilisha namwambia fundi aanze na huo.

Nilipomuona baada ya miezi nikamuuliza, wewe huko Manda kazi yako hasa ni nini? Akaniambia anatengeneza friji na viyoyozi. Friji! Mimi nimekaa juu ya gunia siku nzima, roho iko mkononi, kumbe mtoto yuko vitani na gesi ya friji. Nilimpiga kofi la bega. Kisha nikamkumbatia.

Baba Shika Adabu

Mama Majengo, hiyo "nipo" yako mimi nimeisoma nikatoka nje kidogo.

Mama Kibokoni

Nimerudi. Siku tatu nimekuwa nikisoma usiku, mkaza mwanangu amedhani napokea ujumbe wa mchumba.

Jana nilimpigia kijana. Nikamuuliza habari ya uji wa tangawizi. Kwanza akanyamaza, kisha akacheka sana. Si yeye aliyempa binti wa Mikindani, asema meli ile hajaipanda, lakini uji ule wote waujua, waliokuja hufundishwa na waliokuwepo. Basi ule mlango ukafunguka, akanieleza jiko lake kwa muda wa saa nzima, mimi ambaye kwa miaka sita sikuwahi kumuuliza ila "umekula?"

Meli ikiwa baharini hakuna moto wa wazi. Ni stovu za umeme, na juu yake kuna vyuma vya kuzuia sufuria zisihame. Sufuria haijazwi, hufika nusu tu, hata kama walaji ni wengi. Bora kupika mara mbili kuliko kuungua miguu. Kisu hakiachwi mezani hata dakika moja. Bahari ikichafuka hapiki mchuzi, hapiki kitu cha mafuta, maana harufu ya kitunguu kikikaangwa ikiingia kwenye bomba la hewa, nusu ya meli hutapika na wote humlaani yeye. Yeye husimama miguu imepanuka, kiuno kimeegemea ukingo, akikata mkate. Na aliye zamu ya saa sita usiku ni lazima apate kitu cha moto akitoka, kwa hiyo mpishi naye hulala vipande vipande. Ati mtu aweza kujua safari inakwendaje kwa kutazama sahani zinavyorudi. Zikirudi zimejaa, watu wana hofu au wamechoka, na yeye ndiye wa kwanza kujua.

Nikaona haya, nikamwambia ukweli wangu, ile ya harusini na ile ya kulia. Nikamwambia na ile ya babake, kwamba jahazini kupika ni kazi ya kitoto.

Akanambia: "Mama, kitoto chenyewe alikuwa baba."

Ati marehemu alipopanda jahazi mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili, akatiwa jikoni, kwenye lile sanduku la mchanga na mafiga, misimu mitatu. Alimsimulia mwanawe yote: namna ya kuukinga moto na upepo wa kaskazi, na namna nahodha alivyommwagia wali baharini kwa kuwa una mchanga. Mimi nimeishi na mume yule miaka ishirini na minane, nimempikia kila siku, na kila siku amenikosoa chumvi. Hakunambia hata siku moja kwamba yuwajua kupika!

Jumamosi ijayo kuna walima (karamu ya harusi) wa bibi harusi yule yule. Shoga yangu atakuwepo.

Mama Majengo

Ukimwambia utuambie sura yake ilivyokuwa.

Mzee wa Mariakani

Mama Kibokoni, samahani, nilisema sina hadithi na bado sina. Lakini mke wa kijana wangu ana miezi miwili na hakuna kinachokaa tumboni. Huo uji, tangawizi hutiwa kiasi gani?

Mama Kibokoni

Hongera mzee! Nimemuuliza sasa hivi. Kipande cha kidole gumba kwa sufuria ndogo, kipondwe kichujwe, maji yake ndiyo yakoroge unga. Sukari kidogo, maziwa usitie. Na akae, asinywe amelala.